Mguu Kabla ya Ngumi

Siku ya kwanza kumwona mume wangu, alikuwa anamkaba dada yake. Alikuwa amembana ukutani kwa mkono mmoja, miguu ya dada mtu inatapatapa hewani, macho yamemtoka pima, na anatoa mkoromo ambao hata leo nikiukumbuka nywele zinanisimama. Mimi nilikuwa mgeni pale, nimekuja kuomba kazi ya kupaka watu rangi usoni, sijui hili wala lile. Nikavua kiatu. Nilimtandika kisogoni kwa kisigino cha kiatu kile, tena si mara moja, huku natukana matusi ambayo marehemu mama angeyasikia angenikana hadharani.

Akamwachia. Akageuka polepole, mkono kisogoni, damu inamchirizika shingoni, jitu zima la kujaza mlango, akaniambia kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi mezani, "Dada yangu, samahani, ungeniambia kwanza."

Yule niliyedhani nimemwokoa alikuwa sakafuni anacheka, amejishika mbavu. "Mchukueni huyu," alisema. "Ana hasira za kutosha, atatufaa."

Basi ndivyo nilivyopata kazi na mume kwa kiatu kimoja.

Karakana yetu ilikuwa ghala la zamani la mbao. Ilikuwa bado ina harufu ya vumbi la msumeno, na lango lake lilikuwa la chuma, la kusukuma kwenye reli, zito la kuhitaji watu wawili au mume wangu peke yake. Humo ndani tulitengeneza filamu za mapigano, zile ambazo watu wanaanza kuchapana kabla hata jina la filamu halijatokea. Kazi yangu ilikuwa damu. Unachemsha sukari mpaka inakuwa nzito, unatia rangi nyekundu, halafu unga wa kakao kidogo kuuvunja ule wekundu, maana damu nyekundu sana haiaminiki. Meno ya kung'oka niliyafinyanga kwa nta. Sauti ya mfupa kuvunjika tuliipata kwa kuvunja karoti ndani ya kitambaa kibichi. Nimechinjwa pale, nimenyongwa, nimetupwa kutoka juu ya kabati, yote na mume wangu wa ndoa, na jioni tunarudi nyumbani tunagombana nani kamaliza sabuni.

Watu walimwita Taratibu. Na kweli, mwili ule wote lakini akiweka kikombe mezani utadhani meza imelala na yeye hataki kuiamsha. Dada yake mkubwa, wifi yangu, walimwita Kishindo. Huyo alikuwa mdogo wa umbo, mdomo ndio ulikuwa mkubwa, na ndiye aliyepanga mapigano yote: nani apige wapi, nani aanguke vipi, nani afe kwanza. Mimi na yeye tulikuwa tunataniana asubuhi mpaka jioni. "Wifi, leo damu yako imekuwa nyepesi, au umempunguzia ndugu yangu sukari nyumbani?" Namjibu, "Ndugu yako sukari yake naitunza mimi, wewe tunza magoti yako, uzee huo unakuja."

Jina la Kishindo alipewa kwa sababu ya mguu wake. Pale kwetu kulikuwa na kanuni moja tu, na aliyeivunja alifukuzwa hapo hapo, hata awe mtoto wa nani. Anayepigwa ndiye anayeruhusu. Ukiwa tayari kupigwa, unapiga mguu chini, tah! Ndipo ngumi inakuja, na inasimama upana wa kidole kabla ya ngozi. Wewe hujapiga mguu, mwenzako hatoi ngumi, hata kamera zote ziwe zinawaka. Ukitazama filamu huusikii ule mguu kwa sababu baadaye unafunikwa kwa mlio wa kofi, lakini upo. Siku ile ya kiatu wifi yangu alikuwa ameshaupiga kabla sijaingia.

Kanuni hiyo aliitunga kwa ajili ya mdogo wake. Taratibu alikuwa bondia ujanani. Aliniambia habari hizo mara moja tu, tuko jikoni anamenya viazi, hakuinua macho. Kwenye pambano lake la mwisho mwenzake alikuwa amechoka, kaegemea kamba. "Alikuwa ameshashusha mikono," aliniambia. "Niliiona inashuka. Niliiona kabisa, mke wangu, na ngumi ilikuwa imeshatoka." Yule mtu alianguka kichwa kikitangulia, mguu mmoja ukawa unatetemeka juu ya turubai, kisha ukaacha. Hakuamka tena. Hakuna aliyemlaumu mume wangu, walisema ndiyo michezo. Yeye alikwenda nyumbani akakaa na mikono ndani ya ndoo ya maji mpaka ngozi ikanyauka, na Kishindo ndiye aliyeitoa humo na kuifuta.

Kwenye ulingo alitoka na kitu kingine pia, nacho ni kusahau. Si mambo yote. Lakini kuna wakati alisimama mbele ya jiko akiwa ameshika mwiko na hajui anapika nini. Akishtuka sana ndiyo kabisa, muda ule wote unafutika kichwani mwake. Nilizoea. Kitu kimoja hakukisahau hata siku moja: kwamba tangu alipoiacha ndondi, ngumi yake haijamgusa mtu. Akiamka vibaya, akiumwa kichwa, akitukanwa na dereva barabarani, alikuwa anajirudia hilo kwa sauti ndogo, "Sijamgusa mtu." Ndilo lililomtoa kitandani kila asubuhi, na mimi nalijua kuliko mtu yeyote.

Sasa Bosi akaleta mashine.

Bosi ndiye mwenye karakana, mtu wa suruali za kubana na simu mbili, si mtu mbaya, tena nasema hivyo nikiwa na hasira naye hadi leo. Alirudi safarini na makasha na fundi wa kompyuta, msichana mpole wa kuvaa koti hata kwenye joto. Ndani ya makasha kulikuwa na nguo nyeusi za kubana zenye vifungo vya kung'aa mwili mzima. Unazivaa, unapigana, kamera zinafuata vifungo tu, na kompyuta yenye akili bandia inakuvisha mwili wowote inaoutaka. Unaweza kuwa jini, unaweza kuwa askari. Unaweza kuwa jeshi.

Mimi nilinuna, nitadanganya kwa nini? Mashine ilikuwa inatoa na damu yake yenyewe. Lakini wifi yangu, loo! Ungemwona! Alivaa ile nguo, akarusha teke, akatazama kwenye skrini, akajiona amekuwa wanawake wengi wenye mapanga wanashuka mlimani, wote wana teke lake. Alipiga kigelegele. Alimkalia yule fundi kooni kwa maswali, akajifunza kuchora mapigano kwenye kioo kwa kidole, akawa haji hata kula. "Wifi," aliniambia, jasho linamtoka, "maisha yangu yote nimepanga vita vya watu wanne nikijidanganya ni vita. Sasa nina vita!" Taratibu naye alijitazama amekuwa kikosi kizima, akacheka mpaka akakohoa. "Mke wangu, utapika sana."

Na mimi nikalainika, kwa sababu niliona kitu. Kwa mashine ile kila mtu alirekodiwa peke yake. Kishindo alipiga hewa, mume wangu alianguka kwenye magodoro bila mtu mbele yake, kompyuta ikawakutanisha. Hakukuwa na haja ya kujirusha mara kumi, wala kichwa kile kugongwa sakafuni. Nilimwambia wifi, kama ni hivi basi mashine na iishi.

Tatizo, Bosi hakuridhika. Aliitazama picha ile tena na tena, akasonya. "Taratibu haogopi. Anaigiza kuogopa. Mtu anarudi nyuma kabla hajapigwa!" Ndipo fundi akafungua kasha la mwisho. Kulikuwa na miwani mikubwa ya kuziba macho na masikio, ukiivaa unaona dunia nyingine kabisa, na fulana nzito yenye mota ndogo ndogo ndani. Adui wa kwenye miwani akikupiga kifuani, fulana inakusukuma kifuani. Hutaigiza, alisema Bosi. Utaona na utahisi.

Wifi yangu alikagua kila kitu. Aliuliza fulana inapata joto kiasi gani, waya usimkabe, miwani isimbane kichwa. Alipima sakafu kwa miguu yake, akatandika magodoro. Yeye mwenyewe alitakiwa kuwemo, avae nguo ya vifungo na kukaa pembeni, awe ndiye mama anayeokolewa. Alikuwa makini kama siku zote. Lakini hakuna aliyeuliza, si yeye, si mimi, si mume wangu, kama wale maadui wa kwenye miwani wanajua kusubiri mguu.

Walikuwa hawajui. Wangejuaje?

Taratibu alivaa miwani, akasimama katikati ya sakafu, mikono mitupu mbele yake. Kwenye skrini tuliona anachokiona: jitu lisilo na uso linatoka gizani, linamkimbilia. Akasubiri. Namjua mume wangu, alikuwa anasubiri zamu yake apige mguu, amruhusu. Jitu halikusubiri. Ngumi ikamwingia kifuani, fulana ikasukuma, pu! Nikamwona mwili wote unashtuka. Akapiga mguu, amechelewa, maskini, na lile jitu halijui mguu ni nini. Pu! Likampiga ubavuni. Pu! Tumboni. Tangu yule marehemu wa ulingoni hakuna kiumbe kilichokuwa kimempiga mume wangu bila kumwomba ruhusa.

Akanguruma. Sijawahi kuisikia sauti ile kabla wala baada. Alirusha bega, akaikumba ngazi ya mbao ikaruka mpaka ukutani. Alikamata meza ya vifaa vyangu akaipindua, sufuria ya damu ikamwagika sakafu nzima, akawa anateleza humo na kusimama, anateleza na kusimama, mwekundu mpaka magotini. Fundi alikimbilia kumvua miwani. Mume wangu alimnyakua koti na kumrusha kwenye magodoro kama gunia la nguo chafu, na msichana wa watu akabaki huko kajifunika uso. "Zimeni!" nilipiga kelele. "Zimeni hiyo takataka!" Lakini miwani ilikuwa na betri yake. Na Bosi, nyuma ya kompyuta, macho yanamng'aa, "Mwacheni! Endeleeni kurekodi! Mnaona? Mnaona hiyo?"

Mguu wa taa kubwa ukapigwa kiwiko, ukaanguka. Chuma kikampata Kishindo mdomoni. Alishika mdomo, akatazama damu kiganjani, akaitema. Halafu, Mungu wangu, akatembea kwenda kwake.

Nilimwita. Nilimwita kwa jina lake la nyumbani. Hakugeuka. Alikwenda mpaka akasimama pale ambapo mikono ile inafika, mikono iliyokwisha kuua, na mwenyewe alikuwepo siku ilipoua, akaiona. Taratibu alikuwa amekunja mkono wa kulia mpaka nyuma ya sikio. Wifi yangu akapiga mguu.

Tah!

Masikio yake yalikuwa yamezibwa, lakini sakafu ile ni ya mbao, na mguu ule aliujua kwa nyayo. Ngumi ilitoka. Niliusikia upepo wake. Ikasimama mbele ya taya la dada yake upana wa kidole. Akapiga tena, tah, ikaja ya kushoto, ikasimama. Tah. Tah. Kila mguu na ngumi yake, na kila ngumi ikasimama, na kila moja ilikuja polepole kuliko mwenzake, mpaka mikono ikashuka yenyewe na mume wangu akapiga magoti kwenye damu yangu. Nilimvua miwani.

"Nimempiga nani?" ndilo neno lake la kwanza.

"Hujampiga mtu," alisema Kishindo.

"Na mdomo wako?"

"Taa hiyo imeanguka. Pumbavu yake."

Akagusa mdomo wa dada yake kwa kidole, akanionyesha. "Hii ni yako?" Nikasema hapana, hiyo si yangu. Akakitazama kidole muda mrefu. Lakini tulimwambia tena, na tena, akapumua, akatuamini. Jioni ile alinikamulia limau kichwani akaniosha nywele, kazi anayoipenda, akiimba vibaya kama kawaida yake. Nilidhani yamekwisha.

Filamu ilipokamilika, Bosi alitualika wote kuitazama, ukutani pale pale karakana, mchana, madirisha yamezibwa kwa magunia. Alileta na rafiki zake. Ilipofika sehemu ile nilishika mkono wa mume wangu. Mashine ilikuwa imemgeuza: amekuwa mume mlevi aliyerogwa, yuko ndani ya nyumba inayoungua. Na mwanamke aliyekuja mbele yake alikuwa na sura ya mwigizaji mmoja mzuri hivi, lakini yale mabega yalikuwa ya Kishindo, na ile miguu mifupi ya ubishi ilikuwa ya Kishindo.

Mguu haukusikika. Ngumi ikatoka, na haikusimama. Iliingia usoni mwa yule mwanamke mpaka taya likaenda upande, meno yakatoka, damu ikaruka mpaka kwenye kioo cha kamera. Ya kushoto ikaingia. Ya kulia. Ya kushoto. Kila moja polepole kuliko mwenzake, ndiyo maana ilitisha zaidi, alikuwa anampiga kama mtu mwenye nafasi. Mwisho mwanamke hakuwa na uso, na mume wangu akapiga magoti kwenye damu. Rafiki za Bosi walipiga miluzi, mmoja akasimama kushangilia.

 Mume wangu alitoa mkono wake ndani ya wangu, akaukalia.

Nyumbani ndipo alipofungua mdomo. "Mlinificha." Sikujua nicheke au nilie. Nikamweleza: ni mashine, imemalizia ngumi, ndiyo kazi yake. "Mimi nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu haya." Akaniambia kwa upole kabisa, "Wewe ni mke wangu. Ungesema hivyo hivyo." Kishindo akaja mbio, akaapa kwa kaburi la mama yao. "Mdomo ulipasuka," alijibu. "Niliishika damu yako mwenyewe. Na mimi sikumbuki, dada. Kitu pekee ninachokumbuka ni kwamba nilitaka kupiga."

Tulikwenda kwa fundi. Msichana wa watu alilia. Alisema ndiyo, Bosi alimwagiza aiambie mashine imalizie kila ngumi iliyoishia njiani, na mashine ikafanya. Basi tuonyeshe picha yenyewe kabla haijamalizwa! Hakuwa nayo. Zilifutwa kupisha za filamu nyingine. "Na mguu?" aliuliza Kishindo. "Sauti ya mguu iko wapi?" Mashine iliuondoa yenyewe, alisema, ilidhani ni kelele. Na yeye aliona ngumi zikisimama? Akainamisha kichwa. Alikuwa kwenye magodoro, amejifunika uso. Na Bosi naye, alisema mume wangu, angenificha kama ninyi.

Baada ya hapo nyumba yangu ikawa si nyumba. Alihamia sebuleni. Aliniomba nifunge komeo la chumba kwa ndani, na nilipokataa akalala nje kwenye ngazi mpaka nikakubali. Akikaa, anakalia mikono. Nilimkatia mkate kama mtoto kwa sababu hakutaka kushika kisu nikiwa karibu. Ile "sijamgusa mtu" yake sikuisikia tena. Nilimtukana, nilimbembeleza, nilivunja sahani mbele yake ili agombane nami kama zamani. Aliokota vipande kimoja kimoja, akaenda kuvitupa.

Kishindo ndiye aliyekata shauri. "Mwili wake haudanganyi," aliniambia. "Nitasimama mbele yake nipige mguu. Ngumi itasimama, atajiona mwenyewe." Tukamleta karakana asubuhi, hakuna mtu, lango la chuma liko wazi upana wa mkono mmoja. Wifi akasimama mbele yake, akajiweka sawa.

Tah!

Taratibu hakuinua mkono.

Tah! "Piga!"

"Dada, niache."

"Piga, mwanamume! Piga nikuonyeshe wewe ni nani!" Tah! Tah! Sakafu nzima inalia. "Piga, mjinga wewe, piga!"

Akainua mkono wa kulia. Akaukunja, akaukunjua, anautazama kama mtu anayetazama mbwa aliyemfuga mwenyewe na amesikia kwamba ameng'ata mtoto wa jirani. Kisha akatembea kwenda langoni. Nilidhani anaondoka. Aliuweka mkono ule kwenye reli, mahali lango linapogonga nguzo, na kwa wa kushoto akalivuta lango kwa nguvu zake zote.

Karoti ni uongo. Nilisikia kitu kidogo tu, kama mtu amekanyaga changarawe. Yeye hakupiga hata ukelele. Akalifungua lango kidogo, akalivuta tena. Alipolivuta mara ya tatu sisi wawili tulikuwa tumeshamwangukia, Kishindo ananing'inia mgongoni kwake anamng'ata sikio, mimi nimelikumbatia lango, na damu ile ilikuwa nyeusi, nzito, haikwenda mahali nilipotegemea ingekwenda.

Hospitalini daktari alisema vidole vitakuwepo lakini havitakunjika. Mkono ulifungwa plasta mpaka kiwiko, ncha za vidole zimetokeza, zimekuwa bluu. Tulikuwa tumekaa naye, Kishindo upande huu, mimi ule, Bosi akaingia na mfuko wa machungwa.

Nataka kusema haki: alikuja kwa huruma. Alikuwa na machozi. Alimshika mume wangu bega, akasema pole sana, ndugu yangu, pole. Akatafuta neno la kumpa moyo, na hili ndilo alilolipata. "Kazi isikutie wasiwasi hata kidogo. Mkono wako tunao. Wote, kama ulivyokuwa, uko ndani ya mashine. Hata ukilala hapa mwaka mzima, utapigana. Utapiga watu mpaka mimi na wewe tuzeeke."

Wifi yangu alisimama. Amepanga mapigano maisha yake yote na hajawahi kumgusa mtu. Hakupiga mguu. Ngumi ilitoka kiunoni ikamkuta Bosi katikati ya pua, nikasikia inavunjika, na Bosi akaenda chini na kiti na mfuko, machungwa yakatawanyika mpaka chini ya vitanda vya wengine. Akambandika ya pili akiwa huko huko chini. Wagonjwa wanapiga kelele, Bosi amejikunja anavuja damu kwenye vidole vyake, na wifi amesimama juu yake anahema, "Amka! Amka nikuongeze! Mwambie mashine yako ikumalizie!"

Wauguzi walikuja wakamtoa Bosi. Mmoja wao, mama mtu mzima asiye na mchezo, alimkalisha Kishindo kitini akamshika mkono. Ngozi ilikuwa imechanika juu ya vifundo viwili vya vidole, nyama inaonekana, na uvimbe umeshaanza. Akamwagia spiriti.

"Mamaaa!" Wifi aliruka karibu ampindue. "Inachoma! Inachoma, mama wee, niache!"

Niliutazama mkono ule. Ngumi mbili tu. Ngumi mbili, na pua moja, na angalia. Halafu nikaiona tena ile filamu ukutani mwa karakana, taya lile, meno yale, ya kulia, ya kushoto, ya kulia, mpaka mtu hana uso. 

"Mume wangu," nikasema. "Siku ile ya miwani. Jioni. Ulinifanyia nini?"

"Sikumbuki."

"Ulinikamulia limau kichwani! Ukaniosha nywele! Limau, mume wangu, kwa mkono huo huo, ukasugua na kusugua. Ulisema inachoma? Ulishtuka? Uliimba! Uliimba wimbo mzima!"

 Nyuma yangu Kishindo aliacha kulia. Mume wangu alitazama vifundo vya dada yake, muda mrefu, kwa macho ya bondia, mtu anayejua ngumi iliyofika inauacha mkono ukoje. Pua yake ikatanuka kidogo.

"Harufu," akasema. "Nakumbuka harufu ya limau." Akavitazama tena vile vifundo. "Haikuchoma."

"Haikuchoma!"

"Sijamgusa mtu."

"Hujamgusa mtu, baba, hujamgusa!" Nilikuwa nalia na kucheka, nambusu paji la uso, nambusu macho. Nilitaka kupiga kigelegele hospitali nzima inisikie. Kisha nikamwona anajaribu kuinua mkono wa kulia anishike shavu, anavyofanya siku zote, na ule mzigo wa plasta ukainuka kidogo tu kitandani, zile ncha za bluu zimekaa vile vile, hakuna hata moja iliyojikunja.

Akaurudisha chini taratibu, asiamshe kitu.

"Mke wangu," akasema, "ungeniambia kwanza."